Umeme wa Gari la Kale: Kuubakiza au Kuubadilisha? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wamiliki wa Mombasa

Haya ndiyo maswali ambayo sisi tunaotunza magari ya kale hapa Mombasa huulizwa kila tunapofungua boneti mahali penye watu. Yanahusu hasa magari yaliyoundwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, yaani yale ambayo betri yake huchajiwa na dainamo badala ya altaneta ya magari ya leo, na ambayo baadhi yake yana volti 6 au yana athi chanya, yaani ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji aujue mapema: mfumo wa asili uliosafishwa na kupimwa vizuri hulitosha gari la kale mara nyingi kuliko mafundi wanavyokubali, na pale ambapo mabadiliko hayaepukiki, yafanywe kwa namna ambayo mtu mwingine baadaye ataweza kuyarudisha yalivyokuwa.

Nitajuaje gari langu lina mfumo gani?

Anza na betri. Kila chumba cha betri ya asidi na risasi hutoa takriban volti 2, kwa hiyo betri yenye vifuniko vitatu ni ya volti 6 na yenye vifuniko sita ni ya volti 12. Hata hivyo betri peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa mwenye gari aliyekutangulia huenda aliibadilisha bila kugusa kitu kingine. Soma pia maandishi yaliyo kwenye kitako cha balbu, kwenye koili ya cheche na kwenye bamba la dainamo, na uhakikishe kwamba yote yanakubaliana. Jihadhari pia na magari kama MGB, ambayo kwa miaka mingi yalitoka kiwandani na betri mbili za volti 6 zilizounganishwa mfululizo. Hayo ni magari ya volti 12.

Kama mwongozo wa jumla, Morris Minor ilikuwa ya volti 12 tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1948. Ford Popular 103E ya miaka ya 1950 ilikuwa ya volti 6. Beetle nyingi zilihamia volti 12 kuanzia modeli ya 1967, ingawa baadhi ya zile za bei nafuu ziliendelea na volti 6 baada ya hapo, na Citroën 2CV ilihama mwaka 1970. Kwa Wamarekani, Chevrolet ilihama mwaka 1955 na Ford mwaka 1956.

Baada ya volti, fuata kwa macho waya mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Ukitoka kwenye ncha hasi, gari lako lina athi hasi kama magari ya leo. Ukitoka kwenye ncha chanya, una athi chanya, na usiunganishe kifaa chochote cha kisasa kabla hujasoma majibu yanayofuata.

Je, ni kweli kwamba volti 6 ni dhaifu kwa asili yake?

Si kweli. Mwaka 1957 na tena mwaka 1962 Beetle ilitwaa ushindi wa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, katika miaka ambayo Beetle zilikuwa zikitoka kiwandani na volti 6. Lililo kweli ni kwamba volti 6 hazisamehi uzembe, na sababu yake inaweza kuonyeshwa kwa hesabu ndogo.

Taa mbili kubwa za mbele zenye balbu za wati 45 kila moja hutumia jumla ya wati 90. Kwa volti 6 zinavuta ampea 15, na kwa volti 12 zinavuta ampea 7.5 tu. Sasa chukulia kwamba mahali fulani njiani, labda kwenye swichi au kwenye kiungo cha athi, kuna kutu inayoleta ukinzani wa omu 0.1, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Katika gari la volti 12, balbu zitapokea kama volti 11.3, na mwanga utapungua kwa takriban moja ya tano, jambo ambalo huenda usiligundue. Katika gari la volti 6, kutu ile ile itaziacha balbu na volti 4.8, na kwa kuwa mwanga wa balbu ya waya hushuka kwa kasi kubwa kuliko volti zinavyoshuka, utakuwa umepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wako. Dereva huona taa za njano zenye usingizi na kusema, "Volti 6 hizi!" Kumbe mkosaji ni kiungo kimoja kilichooza.

Viwanda vilijua jambo hili, ndiyo maana nyaya za gari la volti 6 ni nene kuliko za volti 12.

Mbona tatizo hili linaonekana kuwa kubwa zaidi hapa Pwani?

Kwa sababu ya chumvi na unyevu. Chembe za chumvi zinazobebwa na upepo wa bahari hutua kila mahali, na chumvi hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata katika miezi ya kaskazi ambapo mvua ni haba, chuma na shaba hukaa vimelowa kwa utando mwembamba usioonekana. Utando huo hupitisha umeme kidogo, na pale ambapo metali mbili tofauti zimegusana, kwa mfano kiatu cha shaba cha waya kwenye bodi ya chuma, moja huliwa kwa haraka. Gari linalolala nje Kizingo au Nyali, mkabala na bahari, huharibika viungo vyake vya umeme kwa kasi ambayo mwenzetu wa Nairobi haijui.

Nalisema hili kwa uchungu wa aliyelipa gharama. Gari langu la kwanza la kale lilikuwa Beetle ya volti 6 ambayo taa zake zilikuwa hafifu na stata yake ilizunguka kwa kusitasita. Fundi niliyempelekea alinishauri nibadilishe kila kitu kiwe cha volti 12, nami kwa ugeni wangu nikakubali bila kumwomba apime hata kiungo kimoja. Baada ya kazi yote hiyo stata iliendelea kusitasita. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipolala chini ya gari mwenyewe na kuukuta ule mkanda wa shaba uliosukwa, unaounganisha giaboksi na chasisi, umegeuka kijani kibichi na kubakiwa na nyuzi chache tu. Niliufungua na kufunga mpya kwa spana moja. Dainamo, koili na regyuleta (kidhibiti cha kuchaji) za asili za gari lile zilikuwa zimekwisha kutupwa, na sijazipata tena.

Basi kabla ya kuamua lolote, nianzie wapi?

Anzia kwenye athi. Fungua kila kiungo cha athi: waya wa betri kwenye bodi, mkanda wa injini au giaboksi, na athi za taa za mbele na za nyuma, ambazo katika magari mengi hutegemea bolti za taa zenyewe kugusa bodi. Kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, kisha paka vaselini au grisi juu ya kiungo kilichokwisha kufungwa ili hewa ya chumvi isiingie. Ikiwa gari limepakwa rangi upya, shuku kila taa, kwa maana rangi nzuri ni kizuizi kizuri cha umeme.

Kisha pima, na upime wakati umeme unapita, kwa sababu waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti kamili usipobebeshwa mzigo. Washa taa kubwa. Weka ncha moja ya mita ya umeme kwenye kichwa chenyewe cha betri ambacho hakikufungwa kwenye bodi, na ncha ya pili kwenye kiungo cha balbu kinacholeta umeme. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani. Rudia upande wa athi, kutoka kwenye kitako cha balbu hadi kwenye kichwa cha betri kilichofungwa kwenye bodi. Mimi hujiwekea kikomo cha volti 0.3 kwa kila upande katika gari la volti 6, na 0.5 katika la volti 12. Kikipitwa, natafuta kiungo kimoja baada ya kingine mpaka nimpate mwizi.

Ikiwa hasara kubwa iko kwenye swichi ya taa, huna haja ya kuibadilisha. Funga rilei mbili, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme, karibu na taa za mbele, moja ya mwanga wa juu na nyingine ya mwanga wa chini, zipelekee waya mnene wenye fyuzi kutoka kwenye betri, na uiachie swichi ya zamani kazi nyepesi ya kuziamrisha rilei. Hakuna badiliko jingine dogo linaloleta faida kubwa kama hili, na likitolewa haliachi tundu wala kovu.

Athi chanya ni nini, na je, niigeuze?

Ni mpangilio ambao ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Waingereza waliutumia sana kuanzia miaka ya 1930 mpaka walipouacha katika miaka ya 1960, kwa hiyo utaukuta kwenye Morris Minor, kwenye Land Rover za mwanzo na katika magari mengine mengi yenye vifaa vya umeme vya Lucas, kampuni ya Kiingereza. Gari lenyewe halijali: taa huwaka vile vile na stata huzunguka upande ule ule, kwa kuwa koili zake zote mbili hugeuka pamoja.

Sababu ya kuigeuza ni moja tu ya kweli, nayo ni vifaa vya kisasa. Redio ya leo, chaja ya simu na altaneta ya kawaida vimeundwa kwa athi hasi, na ganda la chuma la redio kama hiyo likigusa bodi yenye athi chanya, umepiga betri shoti. Kama hutaki kimojawapo cha vitu hivyo, liache gari lilivyo. Bandika tu karatasi inayoonekana wazi karibu na betri iliyoandikwa "ATHI CHANYA", kwa sababu fundi atakayekuja usiku kukusaidia hatakuwa ameisoma makala hii.

Nikiamua kuigeuza, kazi ikoje?

Kwa gari la Lucas lenye dainamo, kazi huchukua asubuhi moja. Fungua nyaya zote mbili za betri, igeuze betri, na ukague kama viatu vya nyaya vinaingia, maana kichwa chanya cha betri ni kinene kuliko hasi. Usikipasue wala kukichonga, nunua kiatu kipya. Geuza nyaya mbili ndogo za koili, kwa kuwa cheche hupata nguvu zaidi ncha ya katikati ya plagi ikiwa upande hasi. Koili iliyogeuzwa itaendesha gari, lakini itakuangusha mlimani au plagi zikichakaa. Geuza nyaya za ampmita, la sivyo itaonyesha inachaji wakati inamaliza betri.

Kisha dainamo yenyewe ifundishwe upande mpya. Toa nyaya zake mbili, chukua waya kutoka kwenye ncha ya betri isiyo ya athi, na uguse kwa muda mfupi mara mbili tatu kile kichwa kidogo chenye herufi F. Utaona cheche ndogo. Hizo ndizo zinazoipa sumaku ya ndani mwelekeo mpya. Rudisha nyaya, washa injini, na taa nyekundu izime unapoongeza mafuta. Hatua hii ni ya dainamo za Lucas na zinazofanana nazo. Baadhi ya dainamo za Kimarekani hupangwa kinyume, kwa hiyo usiitumie kwa kila gari.

Vitu vya kuchungulia kabla ya kuwasha ni saa ya umeme, pampu ya petroli yenye diodi ndani, feni yenye mota ya sumaku ya kudumu, ambayo itazunguka kinyume, na redio ya zamani, ambayo huenda ikafa.

Dainamo inatosha, au nifunge altaneta?

Hapa hesabu ndiyo iamue. Dainamo ya Lucas C40 ya kawaida hutoa ampea 22, ambazo katika mfumo wa volti 12 ni zaidi ya wati 260. Taa kubwa hula wati 90, taa ndogo na za nyuma karibu 30, mfumo wa cheche karibu 40, na waipa zikifanya kazi karibu 36. Jumla hiyo haifiki wati 200, kwa hiyo hata usiku wa mvua ya masika bado una akiba.

Udhaifu wa dainamo uko kwingine: injini ikiwa inanguruma polepole, haichaji. Anayeijua foleni ya feri ya Likoni jioni ataelewa papo hapo. Unakaa na injini inawaka, taa zimewashwa kwa sababu kiza kimeingia, unasogea hatua kumi na kusimama tena, na taa nyekundu ya dashibodi inakukodolea jicho wakati wote, maana kila unachotumia kinatoka kwenye betri. Altaneta, kwa upande wake, huchaji hata injini ikiwa taratibu. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: anayeliendesha gari Jumapili asubuhi abaki na dainamo yake, na anayevuka kivuko kila siku kwenda kazini, au anayefunga feni za umeme ama kiyoyozi kwa ajili ya joto letu, afunge altaneta bila kujuta.

Ukiifunga, zingatia mambo yafuatayo, kwani hapa ndipo magari huungua. Waya mkuu wa asili uliundwa kubeba ampea 22, ilhali altaneta kama Lucas 17ACR hutoa ampea 36 na 18ACR zaidi ya 40. Vuta waya mpya wa angalau milimita 6 za mraba kutoka kwenye altaneta moja kwa moja hadi kwenye betri au stata. Ampmita ya asili yenye kikomo cha ampea 30 isipitishwe umeme huo wote. Regyuleta ya zamani, ile ambayo wengine huiita katauti, huwa haina kazi tena. Iache ukutani pake kama sanduku la viungo, ili boneti ikifunguliwa pasionekane pengo. Usifungue waya wa betri injini ikiwa inawaka, na umkumbushe mchomeleaji afungue altaneta kabla ya kuchomelea bodi. Zipo pia altaneta zilizotengenezwa ndani ya ganda lenye umbo la dainamo, na nyingine za athi chanya. Zina bei, lakini kwa gari lenye sura ya asili zinastahili.

Nikitoka volti 6 kwenda 12, ni vitu gani hubadilishwa?

Betri, balbu zote hadi ile ya dashibodi, koili, dainamo pamoja na regyuleta yake, kidude cha kumetesha indiketa, mota ya waipa, honi na redio. Geji ya mafuta ihifadhiwe kwa kipunguza volti. Nyaya zenyewe zibaki kama ni nzima, kwa kuwa zilizobeba ampea nyingi za volti 6 zitabeba nusu yake bila shida.

Stata ya volti 6 huvumilia volti 12 ikiwa unaiwasha kwa sekunde mbili tatu na injini inaitika haraka. Hata hivyo huigonga flaiwili, lile gurudumu zito la injini lenye meno, kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa, na meno huumia. Kwa wenye Beetle, kumbuka kwamba flaiwili ya volti 6 ina meno 109 na ya volti 12 ina meno 130, kwa hiyo stata ya volti 12 ya kawaida haiingii bila kushughulikia flaiwili na giaboksi. Hiyo ni sababu nyingine ya kupima kwanza.

Nyaya za asili zilizovishwa kitambaa zibaki au zitolewe?

Kunja waya mmoja taratibu mahali penye joto, karibu na injini. Mpira wa ndani ukipasuka au ukimwagika kama unga, waya huo umekufa, na wenzake walio karibu nao wako njiani. Usiufunge utepe na kuuombea. Fungu zima la nyaya litolewe. Usilitupe, kwani ndilo ramani yako: lilaze sakafuni na upime urefu wa kila tawi.

Unaposuka jipya, fuata rangi zile zile. Lucas alikuwa na utaratibu ambao ukiuelewa, gari lote linasomeka: kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, nyeupe ni ule unaopita swichi ya ufunguo, kijani ni huo wa ufunguo uliokwisha kupita fyuzi, zambarau ni wa betri uliopita fyuzi, buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo na za nyuma, na nyeusi ni athi. Fundi anayesuka gari zima kwa waya mwekundu mtupu, kwa sababu ndio aliokuwa nao dukani, amemwachia mwenye gari fumbo la miaka ishirini.

Na hapa sisi wa Pwani tuna jambo ambalo watu wa bara hawana karibu. Mafundi wa boti wa Mtwapa na Kilindini hutumia nyaya za shaba ambazo kila uzi umepakwa bati, pamoja na mirija inayosinyaa kwa joto yenye gundi ndani. Nyaya hizo ziliundwa kuishi na maji ya chumvi, na katika gari zitakushinda umri. Wapo wasokotaji wanaozivika pamba kwa nje, zikaonekana kama za mwaka 1955. Viungo vibanwe kwa koleo maalumu. Risasi ya kulehemu huufanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na mtikisiko huukata hapo hapo.

Gari langu lina fyuzi mbili tu. Ni salama?

Liliruhusiwa kuondoka kiwandani hivyo, lakini mimi siliachi hivyo. Katika magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo, taa kubwa na waya wa kahawia havikuwa na fyuzi kabisa. Ongeza fyuzi za ndani ya mstari, zifiche nyuma ya dashibodi, na ufunge swichi ya kukatia betri ili gari linapolala lilale bila umeme. Fyuzi ya zamani ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwa ampea 35 lakini hubeba 17 tu kwa kudumu. Anayeweka fyuzi ya kisasa ya ampea 35 mahali pake ameweka fyuzi inayopitisha umeme mara mbili ya ule uliokusudiwa. Karatasi ya fedha ya sigara isiingie humo hata kwa safari ya kufika nyumbani.

Nibadilishe balbu ziwe za LED?

Za nyuma na za breki, ndiyo, na katika gari la volti 6 ni baraka, kwa kuwa hula umeme kidogo na huonekana upesi na dereva wa matatu aliye nyuma yako. Chagua za rangi nyekundu nyuma ya kioo chekundu, na uhakikishe zinakubali aina ya athi uliyo nayo. Indiketa za LED zitahitaji kidude kipya cha kumetesha, kwani cha zamani hutegemea joto la umeme mwingi.

Za mbele, hapana. Kioo na bakuli la taa ya zamani vilichorwa kwa ajili ya uzi mmoja mwembamba uliokaa mahali pamoja, na LED nyingi hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja. Ukitaka mwanga zaidi, tumia rilei na balbu nzuri. Kama gari lilitoka nchi inayoendesha upande wa kulia wa barabara, badilisha vioo vya taa kwanza, maana mwanga wake wa chini unawaelekea wanaokuja.

Ninaweza kuchaji simu katika gari la volti 6 au la athi chanya?

Unaweza kwa kutumia kigeuzi kidogo cha volti kilichotenganishwa na bodi, kilichofichwa chini ya kiti na kulindwa kwa fyuzi. Katika gari la athi chanya, chaja na waya wake visiguse chuma mahali popote.

Pointi au mfumo wa cheche wa elektroniki?

Pointi, yaani vigusano vya ndani ya distribyuta vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili, zikirekebishwa vizuri, kwa nafasi ya milimita 0.4 kwenye Beetle au karibu 0.38 kwenye distribyuta nyingi za Lucas, hufanya kazi bila lawama kwa maelfu ya kilomita. Kilichoharibika siku hizi ni ubora wa kondensa mpya, ambazo nyingine hufa katika wiki ya kwanza. Kidude cha elektroniki hukaa ndani ya distribyuta bila kuonekana, na mimi sikikatazi, mradi aina ya athi na volti vilingane. Kikifa hakitengenezeki barabarani, kwa hiyo bamba la pointi na kondensa yake, vikiwa vimekwisha kurekebishwa, vikae ndani ya buti daima.

Betri ya volti 6 ya gari nitaipata wapi?

Zile za pikipiki ni ndogo mno, usizijaribu. Betri za magari ya kubebea wachezaji wa gofu, ambazo hoteli na viwanja vya Pwani hutumia, nyingi ni za volti 6 na zina uwezo mkubwa, ingawa ni ndefu kwa kimo na zitahitaji kupimwa kama zinaingia chini ya kiti bila vichwa vyake kugusa springi. Funika vichwa hivyo kwa mpira kwa vyovyote. Njia nyingine ni kuagiza kwa duka la betri na kusubiri. Ukichaji nyumbani, tumia chaja yenye chaguo la volti 6.

Betri yangu ya volti 6 imekufa barabarani na mwenzangu ana gari la volti 12. Tuunganishe?

Msifanye hivyo. Sukumeni. Ikiwa gari lako lina hendeli ya kuwashia injini, itumie, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikirudi nyuma isikivunje.

Badiliko la volti litashusha thamani ya gari?

Kwa mnunuzi wa kawaida, hapana. Wengi hulipa zaidi. Kwa mnunuzi anayetafuta uasilia, altaneta inayotoka kwa bolti nne na rilei zilizofichwa hazimsumbui, ilhali tundu lililotobolewa kwenye dashibodi na fungu la waya lililokatwakatwa humfanya aondoke. Kila badiliko liandike kwenye daftari la gari, pamoja na mchoro wa nyaya mpya na rangi zake.

Na kuling'oa injini lote liwe gari la umeme?

Hiyo ni kazi nyingine kabisa, yenye betri ambazo volti zake zinaweza kuua. Aifanye mwenye ujuzi huo, na afadhali katika gari ambalo injini yake imekwisha kupotea.

Vipuri vya asili vilivyotolewa nivifanyeje?

Vihifadhi vyote, hata vilivyokufa, kwa sababu dainamo iliyoungua husukwa upya lakini ganda lake halitengenezwi tena. Safisha, paka mafuta mepesi sehemu za chuma, funga kila kimoja kwa kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kipakiti cha chembe za kunyonya unyevu, na uviweke kwenye kasha lenye mfuniko, juu ya kabati, mbali na sakafu. Kwenye kila mfuko andika jina la kipuri, namba ya gari na tarehe kilipotolewa, na badilisha vile vipakiti kila mwaka kabla ya masika kuanza.